Rangi Isiyopakwa: Namna Tabaka Nyembamba Zinavyotawala Njia ya Nuru

Katika Kiswahili neno rangi lina maana mbili ambazo aghalabu hatuzitenganishi. Kwanza, ni kitu kinachopakwa au kutiwa, kama rangi ya nyumba au ya kitenge. Pili, ni kile ambacho jicho hukiona: wekundu, ukijani, usamawati. Mazoea yametufanya tuamini kwamba hiki cha pili hutokana na kile cha kwanza siku zote. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa sivyo, na kwamba pasipo kuzitenga maana hizo ni vigumu kueleza kwa Kiswahili jinsi tabaka nyembamba zinavyoamua nuru ipi ipite na ipi irudi. Mifano tutaianzia Amagoro, katika eneo la mpaka wa Kenya na Uganda lenye miji ya Malaba na Busia.

Mvua inyeshapo Malaba, malori yakiwa katika foleni ya kungoja kuvuka, matone ya dizeli huanguka juu ya lami iliyotota na kutandaa. Papo hapo huonekana duara za zambarau, kijani na wekundu. Dizeli haina rangi hizo, wala maji hayana. Sababu ni unene wa utando. Sehemu ya nuru hurudi kutoka uso wa juu wa mafuta, na sehemu nyingine hurudi kutoka uso wa chini, yanapokutana na maji. Nuru ni wimbi, na kila rangi ina urefu wake wa wimbi. Mawimbi mawili yakirudi kwa hatua moja, kilele juu ya kilele, hutiana nguvu. Kilele kikiangukia bonde, hufutana. Kwa hiyo unene wa utando ndio uamuao rangi ipi itiwe nguvu na ipi ififishwe.

Utando mmoja hurudisha nuru kidogo tu. Lakini tabaka zikirudiwa kwa vipimo vilevile, kila moja huongeza sehemu yake, kama waitikiaji wa wimbo wanaoshika pigo moja. Tuchukue dutu iundayo gamba la wadudu: kasi ya nuru hewani ni takriban mara 1.56 ya kasi yake ndani ya dutu hiyo. Kwa nuru ya samawati ya kijani, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 500 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), tabaka yafaa iwe na unene wa nanomita 80, na pengo la hewa nanomita 125. Kila moja ni robo ya wimbi lilivyo ndani yake. Hesabu yaonyesha kwamba, nuru ikija wima, tabaka moja ya namna hii hurudisha asilimia 17, mbili asilimia 51, na tatu asilimia 76. Nuru nyekundu haipatani na vipimo hivyo, nayo hupita kwa wingi zaidi.

Maumbile yalitangulia kuutumia mpango huu. Kipepeo Papilio nireus, mweusi mwenye ukanda wa samawati, huonekana Afrika Mashariki misituni na bustanini. Mwaka 2005 Pete Vukusic na Ian Hooper wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walieleza katika jarida la Science muundo wa vigamba vya bawa lake. Juu kuna bamba lenye vitundu vya hewa vilivyopangika, na ndani yake dutu inayofyonza urujuanimno na kutoa nuru ya samawati ya kijani. Vitundu huizuia nuru hiyo isipotee ubavuni. Chini kuna tabaka tatu zinazorudisha juu ile iliyokuwa ikishuka. Hapa dutu hutoa rangi, na muundo huiongoza.

Tabaka huweza pia kufungua njia. Katikati ya rundo la tabaka za robo wimbi, ukiifanya moja kuwa na unene maradufu, ule urefu wa wimbi uliokuwa ukizuiwa hupata mlango mwembamba wa kupitia. Hivyo ndivyo hutengenezwa vichujio vya nyaya za nuru. Uzi mmoja wa kioo hubeba mikondo mingi, kila mmoja na urefu wake wa wimbi karibu na nanomita 1550, na kichujio huupitisha mmoja na kuirudisha mingine. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na mawasiliano ya namna hii huendelea hadi Uganda kupitia mpaka huuhuu.

Sasa tuje kwenye istilahi. Tangu kazi za Eli Yablonovitch na Sajeev John za mwaka 1987, miundo hii imepewa jina ambalo kwa Kiswahili twaweza kuliita fuwele ya nuru. Msikilizaji asidhani fuwele hapa ni kitu kigumu na kiangavu kama chembe ya chumvi. Kinachokusudiwa ni marudio ya mpangilio. Vilevile twapendekeza kutofautisha rangi ya dutu na rangi ya muundo. Ya kwanza huchuja, kama kitenge kilichofuliwa mno. Ya pili hudumu maadamu vipimo vya tabaka havijaharibika.

Mtoto wa Amagoro huzungumza Kiteso au Kiluhya nyumbani, hukutana na jirani kwa Kiswahili sokoni, kisha hufundishwa fizikia kwa Kiingereza. Akiuliza kwa Kiswahili kama dizeli ina rangi, hapana budi lugha iwe na jibu la kumpa: rangi ya muundo inayo, hizo anazoziona si za dutu.