Kariakoo: Soko lililobeba jina la wapagazi

KONDAKTA wa daladala akiita "Kariakoo!" pale Kivukoni, abiria hupanda wakiwaza bei ya mbegu, vitenge au vipuri. Ni wachache wanaokumbuka kuwa wanataja jina la kikosi cha jeshi, tena kikosi ambacho watu wake wengi walikuwa wakulima.

Jina hilo limetokana na "Carrier Corps", yaani Kikosi cha Wapagazi. Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na wapagazi wao wakapiga kambi katika eneo ambako Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko kabla ya vita. Vita ilipokwisha kambi iliondoka, soko likaanza kazi na jina likabaki. Hata Nairobi kuna soko la Kariokor, kwa asili hiyo hiyo.

Kwa nini wapagazi walihitajika kwa wingi? Mfanyabiashara yeyote anayelipia usafiri ataelewa haraka. Magari yalikwama kwenye matope, na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Ikabaki kichwa cha binadamu. Chukua mfano wa mtu aliyebeba kilo 25 za unga na kula kilo moja kwa siku. Akitembea siku 10 kwenda na siku 10 kurudi, anakuwa amefikisha kilo tano tu! Ndiyo maana jeshi liliendelea kukusanya watu vijijini, wengi wao kwa nguvu, hadi pande zote zikawa zimetumia watu wanaokaribia milioni moja.

Kwa upande wa Waingereza pekee, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kukaribia 100,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na nimonia kuliko risasi. Mashamba nayo yalikosa mikono. Ugogo, ambako majeshi yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana, ukame ulipoingia ilifuata njaa ya mwaka 1917 hadi 1920 ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Aidha, mishahara ya wengi waliofia njiani haikuzifikia familia zao. Kwa lugha ya sokoni, ni deni lililofutwa bila mwenye mali kuulizwa.

Katikati ya jiji, kwenye makutano ya Samora na Azikiwe, ipo Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja pia wapagazi, lakini aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki. Mpagazi hakupata nafasi pale. Mahali hapo kabla ya hapo palikuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, iliyoondolewa na Waingereza. Sanamu hiyo ilirudishwa Ujerumani na kusimamishwa Hamburg, na mwaka 1968 wanafunzi wa huko wakaiangusha. Shaba husimamishwa na mwenye mamlaka, na mwingine akija huiondoa. Jina la Kariakoo halikuamriwa na gavana yeyote. Lilitoka midomoni mwa watu, nalo limepita tawala zote.

Jengo la soko tunalolijua lilisanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli, na kufunguliwa mwaka 1975. Paa lake la zege limeundwa kama miamvuli mikubwa iliyopinduliwa, ili hewa ipite na wauzaji wakae kivulini kama chini ya miti ya gulio la kijijini. Usiku wa Julai 10, 2021 moto uliliunguza. Wafanyabiashara walipoteza bidhaa na kuhamishiwa masoko mengine, ambako walilazimika kuwatafuta wateja upya.

Serikali iliamua kulikarabati jengo hilo na kujenga jingine jipya kando yake. Kuyaacha maumbo ya Amuli yasimame ulikuwa uamuzi sahihi hata kibiashara, kwani mkulima wa Lushoto au Mbinga anayekuja mara moja kwa mwaka huitafuta ile miamvuli kwanza, ndipo aulize duka la pembejeo.

Kwa gharama ya kibao kimoja cha Kiswahili langoni, angeweza pia kusoma jina la soko lilitoka wapi, wakati akisubiri mkokoteni wa kumbebea magunia yake hadi stendi.