Umechaguliwa grini kadi? Anza kwa kuuliza mkeo aliandikwa wapi

Mwezi wa Mei 2023 mpwa wangu alinipigia simu usiku, nishalala. "Mjomba, nimeshinda Marekani!" Nikamwambia alale, tutazungumza asubuhi. Hakulala. Nilipofika kwake Umoja kesho yake nikakuta ameshampigia mamake Malindi, ameshawaambia wenzake wa kazini, na mwenye nyumba ameshapata habari kwamba mpangaji wake wa ghorofa ya nne anahama.

Januari 2024 kijana huyo alitoka ubalozini Gigiri na karatasi ya kukataliwa. Dada yangu alikuwa ameuza bangili zake mbili za dhahabu kwa safari hiyo. Matokeo ya awamu ya 2025 yalitoka tarehe 4 Mei 2024, na baada ya hapo watu watatu waliniuliza nini cha kufanya, mmoja wao tukitoka swala ya Ijumaa Pumwani, viatu hata hajavaa. Basi niliyojifunza kwa pesa za dada yangu nayaandika hapa mara moja, kila mtu ayasome.

Tuanze na hilo neno "kushinda". Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 ndiyo iliyoanzisha bahati nasibu hii, na inatoa viza zisizozidi 55,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, kwa nchi ambazo hazijapeleka watu wengi kule. Nigeria haimo kwa sababu imeshapeleka wengi. Kwenye awamu ya 2025 Kenya ilikuwemo, Tanzania ilikuwemo. Lakini wanaochaguliwa ni zaidi ya laki moja, kwa sababu Wamarekani wanajua wengi watakwama njiani. Kwa hiyo ulichopewa ni nafasi kwenye foleni, na foleni hiyo ni ndefu kuliko chakula kilichopikwa.

Nafasi yako ni ile nambari ya kesi. Ya awamu ya 2025 ilianza na 2025AF, maana yake mwaka wa 2025, Afrika, kisha tarakimu. Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa tangazo la viza linaloonyesha Afrika imefika nambari ngapi. Mwenye nambari ndogo huitwa mapema, mwenye kubwa hungoja, na huenda asiitwe kabisa. Mwaka wao wa fedha huanza tarehe 1 Oktoba na kwisha tarehe 30 Septemba. Aliyechaguliwa Mei 2024 alitakiwa awe na viza mkononi kufikia tarehe 30 Septemba 2025. Ikipita siku hiyo hakuna kusogezewa mwaka unaofuata, hata kama kosa si lako. Mwaka wa 2020 balozi zilifungwa kwa korona, na mwezi wa Aprili Rais Trump akatia saini amri ya kusimamisha viza za uhamiaji. Maelfu ya waliochaguliwa walibaki na barua zao mikononi huku miezi inakwenda, mpaka wengine wakaenda mahakamani kulekule Washington.

Ndiyo maana asije mtu akaacha kazi au akauza kiwanja kwa sababu ya barua ya Mei. Mwambie mwenye nyumba siku viza imegandishwa kwenye pasipoti.

Sasa yaliyomfika mpwa wangu. Oktoba ya 2022 alikwenda saiba moja huku mitaani kwetu. Mnazijua: kompyuta nne, mashine ya kupiga chapa, na kibao mlangoni kila ikifika Oktoba kwamba hapa tunajaza grini kadi. Alilipa shilingi 500 kwa fomu ambayo wakati huo kuijaza ilikuwa bure. Yule kijana wa saiba akamuuliza, "Umeoa?" Mpwa wangu alikuwa ameoa 2021, nikaha ya nyumbani, shehe wa mtaa, mashahidi, mahari taslimu, wali na nyama. Mtoto alizaliwa mwaka uliofuata. Lakini cheti cha ndoa hakuwa nacho, hakuwahi kukifuatilia. Akajibu, "Nimeoa lakini sina karatasi." Yule kijana akasema, "Kama huna karatasi, wewe ni singo." Akabonyeza. Swali la watoto akaweka sifuri, kwa sababu singo hana watoto.

Hapo ndipo safari iliishia. Miezi kumi na tano kabla ya Gigiri, kwa mbonyezo mmoja, na sisi tukaendelea kuchanga.

Sharti lenyewe ni hili, na nalieleza polepole kwa sababu ndilo linalowaangusha watu wetu. Siku unayojaza fomu ya kwanza, ile ya Oktoba, unatakiwa uandike mke au mume wako, na kila mtoto wako aliye hai ambaye hajaoa wala kuolewa na hajafika miaka 21. Hata kama hakai nawe au yuko kwa bibi yake Lamu. Hata kama huna nia ya kusafiri naye. Ukimwacha mmoja, siku ya mahojiano wewe na wote walio chini yako mnakataliwa. Huwezi kurekebisha baadaye. Mpwa wangu alidhani ataweza: alipochaguliwa akajaza fomu ya pili, inayoitwa DS-260, akamweka mke na mtoto, tena kwa wakati huo alikuwa ameshasajili ndoa na kupata cheti kizuri chenye muhuri. Afisa akazitazama fomu mbili. Kwa upole tu akamuuliza, "Kama ulioa 2021, mbona 2022 uliandika hujaoa? Na huyu mtoto alikuwa hajazaliwa?" Kuhusu nikaha labda mtu angeweza kubishana. Kuhusu mtoto hakuna ubishi, tarehe yake iko kwenye cheti cha kuzaliwa.

Aliyeoa au kupata mtoto baada ya kutuma fomu ya Oktoba hana tatizo hilo, huongezwa kwenye DS-260. Ila ndoa iliyofungwa wiki tatu baada ya matokeo ya Mei itaulizwa maswali mengi, na ni haki yao kuuliza. Kuna watu wanaofanya biashara na jambo hili. Mpwa wangu aliletewa mtu aliyekuwa tayari kulipa gharama zote ikiwa atakubali "kumuoa" binti yao kwenye karatasi. Hiyo ni udanganyifu, na adhabu yake inaweza kuwa kufungiwa Marekani maisha. Nashukuru alikataa, ingawa naona alikataa zaidi kwa kumwogopa mkewe.

Familia zetu za Kiislamu zina mambo ambayo fomu ile haikutungwa kwa kuyafikiria, kwa hivyo wewe ndiwe utakayefikiria. Uliyemwacha kwa talaka ya mdomo na hamkwenda kuisajili kwa Kadhi, kwenye karatasi bado ni mkeo. Nenda ukasajili kabla ya kujaza, si baada. Mwenye wake wawili ajue kwamba Marekani inamtambua mke wa kwanza tu, na anayekwenda kwa nia ya kuishi na wake wawili kule hapewi viza. Lakini watoto wa mke wa pili ni watoto wake na lazima waandikwe, na vilevile mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Kwa upande mwingine, yule mtoto wa marehemu kaka yako unayemlea tangu akinyonya, anayekuita baba, si mtoto wako kwa fomu ile kama hukumchukua rasmi kwa sheria. Inauma, najua. Na tangu Sheria ya Ndoa ya 2014, nikaha zetu nazo zinatakiwa kusajiliwa kama ndoa nyingine zote nchini. Wengi tunalichukulia jambo hilo kama anasa ya wenye kusafiri, mpaka siku kuna mirathi.

Tukirudi kwa aliyechaguliwa. Jambo la kwanza ni kujua nani ana nambari yako ya uthibitisho. Matokeo yako kwenye tovuti ya dvprogram.state.gov peke yake, na huyaoni bila nambari hiyo. Wamarekani hawatumi barua pepe ya kusema umeshinda, kwa hiyo anayekutumia hongera na kukuomba dola ni mwizi. Lakini mwizi wa karibu ni yule wa saiba aliyeweka barua pepe yake badala ya yako na kukaa na ile karatasi. Kuna wanaoitisha makumi ya elfu ndipo wakupe nambari. Kabla hujalipa, jaribu kwenye tovuti ileile mahali pa waliosahau nambari. Ukijua jina kama lilivyoandikwa, tarehe ya kuzaliwa na barua pepe iliyotumika, inarudishwa bure.

Halafu kaa peke yako, chumba kimya, ujiulize: ile fomu ya Oktoba ilisemaje kuhusu mke na watoto? Kama mmoja aliachwa, usitumie hata shilingi. Ni vigumu kumwambia hivyo mtu ambaye jirani wameshampa hongera, lakini ndivyo.

Kama fomu ilikuwa sawa, jaza DS-260, haina malipo. Kila anayesafiri ana yake, hata mtoto wa kubebwa. Ukishaituma unangoja nambari yako ifikiwe, na kungoja huko ndio wakati wa kutafuta karatasi. Cheti cha tabia njema cha DCI unakiomba kupitia eCitizen kwa shilingi 1,050, kisha unakwenda kupigwa alama za vidole. Hicho ni chepesi. Kigumu ni cha waliofanya kazi Saudia, Qatar au Omani. Ukiwa na miaka 16 au zaidi na umeishi nchi nyingine miezi 12 au zaidi, unatakiwa cheti cha polisi cha nchi hiyo pia. Dada zetu wengi wa Eastleigh na Majengo wako hapo, na mwajiri aliyekuwa na stakabadhi zao hapokei simu. Waanze kuuliza ubalozi wa nchi ile sasa hivi, wasingoje tarehe ya mahojiano.

Elimu ni kumaliza kidato cha nne, au miaka miwili ya kazi ndani ya mitano iliyopita, lakini kazi yenyewe iwe ya kusomewa miaka miwili au zaidi. Kuendesha matatu hakuhesabiwi, hata uendeshe miaka ishirini. Jirani yangu mmoja cheti chake cha KCSE kililoa katika mafuriko ya Aprili 2024, kikawa kama uji. Mwenye cheti ndani ya mkoba chini ya kitanda, akipandishe juu ya kabati leo.

Majina yaangalieni herufi kwa herufi. Sisi ndio watu wa Mohamed kwenye kitambulisho, Mohammed kwenye cheti cha kuzaliwa na Muhammad kwenye cheti cha shule, na jina la babu linaingia na kutoka lipendavyo. Picha ya hijabu inaruhusiwa, uso wote uonekane. Miwani hairuhusiwi.

Gharama, sasa. Ada ya ubalozi ni dola 330 kwa kila mtu, inalipwa siku ya mahojiano na hairudishwi ukikataliwa. Mei 2024 hiyo ilikuwa kama shilingi 43,000 kwa kichwa kimoja. Mpwa wangu alilipa ya watu watatu wiki zilezile za Januari dola ilipokuwa karibu shilingi 160, ikawa zaidi ya 150,000. Kabla ya hapo kuna vipimo kwa daktari aliyeidhinishwa na ubalozi, hakuna daktari mwingine, na pasipoti za kila mmoja. Ukipewa viza kuna dola 235 nyingine kwa kila mtu za kutengenezewa kadi yenyewe, kisha tiketi, kisha pesa za kuanzia maisha kabla hujapata kazi. Viza kwa kawaida ina miezi sita, uwe umeshaingia. Familia ya watu wanne hesabuni kwa utulivu kabla ya kuanza kuuza vitu.

Mkewe mpwa wangu alikuja kutoka Malindi kwa ajili ya mahojiano yale, mtoto mgongoni. Alikuwa amejifunza majibu yote: jina la shehe, siku ya nikaha, walivyokutana. Hakuulizwa hata moja. Kwenye matatu ya kurudi mjini ndipo alipomgeukia mumewe akamuuliza, "Kwa hivyo kule wewe huna mke?" Hakumjibu. Alikaa Umoja siku mbili akarudi Malindi, na ilibidi mamake kijana na mimi twende kuzungumza na wazee wake, twende tena mwezi wa Shaabani, ndipo akarejea.

Alhamdulillahi wako pamoja sasa. Dirisha likifunguliwa watajaza upya, kwa simu yangu, sebuleni kwangu. Yeye mwanamke amesema ndiye atakayebonyeza, na nambari ya uthibitisho ataiandika nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto, ambayo haipotei.