Mnara wa Taa wa Portland Head: Kimo Kilichopanda na Kushuka

Portland Head Light ni mnara wa taa uliosimama juu ya majabali ya Cape Elizabeth, katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Uko kwenye rasi inayotazama njia ya kuingilia bandari ya Portland, pale Ghuba ya Casco inapokutana na bahari kuu ya Atlantiki. Ndio mnara wa taa mkongwe kuliko yote jimboni humo. Taa yake iliwashwa mara ya kwanza tarehe 10 Januari 1791. Tangu hapo umekatwa na kuinuliwa zaidi ya mara moja, na kila badiliko lilizua upya swali la mwanga ufike umbali gani na kwa gharama ipi.

Kujengwa kwake

Mwishoni mwa karne ya 18 Maine ilikuwa bado sehemu ya Massachusetts. Ilipata kuwa jimbo lenyewe mwaka 1820. Mwaka 1784 wafanyabiashara 74 wa Portland waliomba kujengewa taa kwenye lango la bandari yao. Ombi hilo lilikaa bila jibu hadi mwaka 1787, watu wawili walipokufa baada ya chombo chao kuvunjika kwenye kisiwa jirani. Hapo ndipo Massachusetts ilipotenga dola 750. Kazi ilianza, lakini fedha ziliisha kabla mnara haujakamilika.

Mwaka 1789 serikali mpya ya shirikisho ilichukua jukumu la minara yote ya taa nchini, na mwaka uliofuata Bunge likaidhinisha dola 1,500 za kumalizia kazi. Mafundi wawili, Jonathan Bryant na John Nichols, waliujenga kwa mawe yaliyookotwa mashambani na ufukweni.

Awali mnara ulipangwa kuwa na kimo cha futi 58, yaani karibu mita 18. Ujenzi ukiwa unaendelea iligundulika kwamba miinuko ya ardhi upande wa kusini ingeukinga mwanga usionekane na vyombo vinavyotoka huko, hivyo ikaamriwa ufikishwe futi 72, sawa na mita 22. Bryant alijiuzulu, Nichols akaumaliza. Mtunza taa wa kwanza, Kapteni Joseph Greenleaf, aliteuliwa na Rais George Washington. Mwanzoni hakuwa na mshahara. Ujira wake ulikuwa nyumba ya kuishi na ruhusa ya kulima na kuvua samaki. Kazi yake ilikuwa kuhudumia taa 16 zilizowaka kwa mafuta ya nyangumi.

Kupunguzwa na kuinuliwa

Mwaka 1813 sehemu ya juu ya mnara, ambayo haikuwa imejengwa vizuri, ilibomolewa na kimo kikapungua kwa takriban futi 20. Hali hiyo ilidumu nusu karne. Usiku wa tarehe 22 Februari 1864 meli ya abiria iitwayo Bohemian, iliyotoka Liverpool, iligonga mwamba karibu na Cape Elizabeth. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wao wahamiaji wa Kiayalandi waliosafiri kwa tiketi za bei ya chini. Baada ya msiba huo mnara uliongezwa futi 20 na kufungwa lenzi kubwa ya aina ya Fresnel, iliyobuniwa Ufaransa. Lenzi hiyo ina duara za vioo zinazoukusanya mwanga unaotawanyika na kuupeleka baharini kama mwali mmoja wenye nguvu.

Mwaka 1871 taa nyingine iliwashwa mbali zaidi baharini, kwenye mwamba wa Halfway Rock, na umuhimu wa Portland Head ukaonekana kupungua. Mwaka 1883 mnara ulikatwa tena futi 20 na kuwekewa lenzi ndogo. Malalamiko yalikuwa makali, na kufikia mwaka 1885 kimo na lenzi kubwa vilikuwa vimerudishwa.

Hata hivyo, mwanga peke yake hauzuii kila ajali. Usiku wa mkesha wa Krismasi mwaka 1886 merikebu Annie C. Maguire ilipanda miamba chini kabisa ya mnara huo, taa ikiwa inawaka. Mtunza taa Joshua Strout na familia yake waliweka ngazi kama daraja kati ya jabali na chombo, na wote waliokuwamo wakaokolewa. Akina Strout waliitunza taa hiyo kuanzia mwaka 1869 hadi 1928. Joshua alisaidiwa na mkewe Mary, kisha mwanawe Joseph akashika nafasi yake. Maandishi ya kumbukumbu ya ajali hiyo bado yanasomeka kwenye mwamba.

Taa na rasi leo

Taa ilianza kujiendesha yenyewe tarehe 7 Agosti 1989, miaka 200 kamili tangu kutiwa saini sheria iliyoikabidhi serikali ya shirikisho minara ya taa. Siku hizi mnara una kimo cha futi 80, na taa iko mita 31 juu ya usawa wa bahari. Hutoa mmweko mweupe kila baada ya sekunde 4, unaoonekana hadi maili 24 za baharini, karibu kilomita 44. Kikosi cha ulinzi wa pwani cha Marekani ndicho kinachoitunza taa yenyewe, ilhali majengo ni mali ya mji wa Cape Elizabeth. Nyumba ya watunza taa, iliyojengwa mwaka 1891, imekuwa makumbusho tangu mwaka 1992.

Eneo linaloizunguka ni bustani ya Fort Williams, yenye ukubwa wa ekari 90. Zamani lilikuwa ngome ya jeshi. Mji uliinunua mwaka 1964 baada ya jeshi kuondoka. Ndani ya bustani hiyo humalizikia mbio za kilomita 10 za Beach to Beacon, zilizoanzishwa mwaka 1998 na Joan Benoit Samuelson, bingwa wa marathoni ya Olimpiki ya mwaka 1984. Mshindi wa kwanza wa wanawake alikuwa Catherine Ndereba wa Kenya, na Wakenya wengi wameshinda baada yake.

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia Portland kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, rasi hii ni mwendo mfupi wa gari kutoka mjini. Kuingia bustanini kwa miguu ni bure, ingawa wageni hulipia maegesho katika msimu wa watalii. Makumbusho hufunguliwa kwa msimu. Ndani ya mnara hapaingiwi siku za kawaida. Umma huruhusiwa kupanda ngazi zake katika siku maalumu ya minara ya taa ya Maine, ambayo huwa mwezi Septemba, na nafasi ni chache.