Mtoto na Mgongo wa Mama: Ashuke Lini?

Mama wengi huuliza siku ya kupima watoto: "Mtoto wangu ametimiza mwaka na nusu. Je, niache kumbeba mgongoni?" Bibi amemwambia kwamba mtoto atakuwa mvivu wa miguu. Jirani amemwambia kwamba akishushwa mapema miguu itapinda. Wote wawili wanasema kwa upendo, lakini wote wawili wamekosa. Miguu ya mtoto mdogo huwa imepinda kidogo tangu kuzaliwa, nayo hunyoka polepole karibu na mwaka wa pili.

Huko Ulaya wazazi huuliza vivyo hivyo juu ya kigari cha kusukuma. Vigari vingi hufanywa kwa mtoto asiyezidi kilo 15, vingine kilo 22, basi kigari chenyewe kinatoa jibu. Mgongo wa mama haukuandikwa kilo. Hapa Nyamianda, penye mchanga na mawe, kikwembe ndicho kigari chetu. Nacho ni kizuri: miguu ya mtoto ikikumbatia kiuno cha mama, nyonga zake zinakaa vema mahali pake.

Msihesabu miezi tu. Mwaka 2006 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza habari za watoto wazima walioangaliwa katika nchi 5, Ghana na Omani zikiwamo. Wengine walitembea peke yao kwa miezi 8, wengine walichelewa hata karibu na miezi 18. Wachache hawakutambaa kwa mikono na magoti kamwe, lakini walitembea. Kwa hiyo mama asione haya kwa sababu mtoto wa jirani ametangulia. Lakini aliyepita miezi 18 bila kutembea, mpelekeni kwa mganga.

Sasa lile lililo kubwa. Mara nyingi mtoto hashuki kwa kuwa amekomaa, bali kwa kuwa mwingine yuko tumboni. Siku hiyo hiyo anaachishwa ziwa, anatolewa mgongoni, na pengine anapelekwa kulala kwa nyanya. Amepoteza vitu 3 kwa mara moja! Anapewa ugali wa muhogo mtupu. Tumbo linajaa, lakini mwili hauna cha kujijengea. Miguu inavimba, nywele zinabadilika rangi, naye hachezi tena. Hapa Kivu ugonjwa huu unaitwa bwaki. Mwaka 1935 Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi iitwayo leo Ghana, aliuandika kwa jina la wenyeji, kwashiorkor, maana yake ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake kwa kuzaliwa kwa mdogo wake. Wenyeji wale walikuwa wameona neno lile lile tunaloliona sisi.

Basi mshusheni polepole. Mimba haiharibu maziwa. Mtoto anaweza kuendelea kunyonya, na kunyonya hata miaka 2 na zaidi ni vema. Mpeni ndagala waliotwangwa, maharagwe, karanga, na yai likipatikana. Mwacheni atembee uani asubuhi, na jioni akichoka, mgongo uwepo bado. Baba pia ana mgongo.

Mtoto mzima wa miaka 2 hupima kilo 12 hivi. Mama mwenye nguvu atambeba safari fupi. Lakini dada yake wa miaka 7, ambaye mwenyewe ana kilo 22 hivi, anabebeshwa zaidi ya nusu ya uzito wake. Haifai. Huyo amshike mkono.

Kuna mahali ambapo hata anayekimbia vizuri hupanda mgongoni: barabara kubwa ya Bukavu na Fizi penye pikipiki, ukingo wa ziwa wakati wa mawimbi, na kando ya mito siku ya mvua. Watu wa Uvira wanakumbuka jinsi Mulongwe ulivyofurika Aprili 2020, ukachukua nyumba na watu.

Na yule aliyekwisha kutembea, kisha siku moja anakataa kusimama na kulilia mgongo? Msimpige wala kumwita mvivu. Mguseni kama ana homa. Tazameni nyayo kama kuna funza au mwiba. Kunjeni magoti na nyonga taratibu, muone anapolia. Mguu uliolegea ghafula, au maumivu ya nyonga pamoja na homa, ni jambo la hospitali siku ile ile.