Mtoto Akilia Sana, Ushauri wa Nani Ufuatwe?

Mtoto mchanga akianza kulia jioni, nyumba nzima hupata wasemaji. Bibi atasema ni chango. Jirani atasema maziwa ya mama hayatoshi, apewe uji. Mwenye duka la dawa ana chupa yake, mganga ana kisu chake, na siku hizi hata simu hutoa mashauri usiku kucha. Wote husema kwa uhakika, na mama aliyekesha siku tatu hana nguvu ya kubishana na mtu. Makala haya yanaeleza namna ya kuyapima mashauri hayo kabla hayajafika mdomoni mwa mtoto.

Kwanza yafaa kujua jinsi kilio chenyewe kinavyokwenda. Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alitoa taarifa ya watoto 80 wenye afya njema, ambao mama zao waliandika kila siku muda waliolia. Kilio kilipanda tangu wiki ya pili. Kilipofika wiki ya sita, mtoto wa kawaida alilia kama saa 2 na dakika 45 kwa siku, hasa nyakati za jioni. Baada ya hapo kilishuka, na kufikia wiki ya 12 kilikuwa chini ya saa moja. Miaka mingi baadaye watafiti walikuta hali ya namna hiyo hata kwa Wasani wa Kalahari, ambao hubeba watoto wao karibu kutwa nzima. Kilio kilipanda na kushuka katika umri ule ule, ila kila mara mtoto alilia kwa muda mfupi.

Hapa ndipo penye mtego. Uvumilivu wa wazazi huisha lini? Huisha katika wiki ya sita au ya saba, kilio kinapokuwa kileleni. Ndipo dawa hutafutwa. Na kwa kuwa kilio kilikuwa karibu kushuka chenyewe, dawa yoyote itakayotolewa siku hizo itapata sifa, iwe mizizi, chupa au chale. Anayekuambia "mimi nilimpa wa kwangu akatulia" hasemi uongo. Aliona kwa macho yake. Lakini mtoto wake angetulia hata bila dawa ile.

Wazungu nao walinaswa na mtego huo. Huko Uingereza na Australia wazazi waliwapa watoto wanaoota meno unga wa kutuliza, na katika unga huo mlikuwa na chumvi ya zebaki. Baadhi ya watoto mikono na miguu yao iligeuka rangi ya waridi, wakakimbia mwanga, wakalia bila kukoma. Wazazi wakaona meno yanasumbua zaidi, wakaongeza unga! Mwaka 1948 ndipo madaktari wa Marekani walipotangaza kuwa wamekuta zebaki katika mikojo ya watoto hao. Watengenezaji wa Uingereza walipoiondoa katika unga mwaka 1954, ugonjwa ule nao ukatoweka karibu kabisa.

Sisi wa Geita na Kahama tunaijua zebaki kwa njia nyingine. Mwaka 2003 wataalamu wa mradi wa Umoja wa Mataifa walipima afya za wananchi wa Rwamagasa, wakakuta baadhi ya wachomaji wa dhahabu wana dalili za sumu yake. Asiseme mtu kwamba kila mtoto anayelia Nyarugusu amevuta zebaki. Wengi hulia kwa sababu ya umri wao tu. Lakini donge la dhahabu lisichomwe jikoni wala ndani ya nyumba anamolala mtoto, maana mvuke hauonekani na hauna harufu. Nguo za baba alizotoka nazo mwaloni zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi. Mama anayeponda mawe karibu na makarasha atafute mtu wa kukaa na mtoto mbali na vumbi na moshi, hata kama ni kwa kupokezana na mwenzake.

Shauri baya kuliko yote ni lile la "meno ya plastiki". Mtoto ana homa au anaharisha, fizi imevimba kidogo, basi inakatwa na kitu cheupe kinatolewa. Kitu hicho ni chipukizi la jino lake la chonge, ambalo kwa kawaida lingetokeza akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Madaktari wa meno wa Tanzania waliandika juu ya jambo hili tangu miaka ya 1990. Watoto hutoka damu nyingi, hupata vidonda vyenye usaha, wengine pepopunda, na wengine hufa. Wakati huo huo malaria au kichomi kilicholeta ile homa kinaendelea bila tiba.

Kuhusu uji na maji ya chupa sina maneno mengi. Mtoto wa chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama tu. Akikojoa mara sita au zaidi kwa siku, na uzito ukipanda katika kadi ya kliniki, maziwa yanatosha, hata akilia vipi.

Basi mwulize mshauri wako: utamwekea mtoto nini mdomoni, au utamkata wapi? Nani anapata fedha? Na isiposaidia, niende wapi? Asiyeweza kujibu hilo la tatu, mwage kwa heshima.

Kumbeba mgongoni hakugharimu kitu. Mwaka 1986 huko Montreal, Kanada, watoto waliobebwa zaidi tangu wiki ya nne walilia pungufu kwa asilimia 43 walipofika wiki ya sita. Lakini jaribio jingine halikuona nafuu hiyo kwa watoto waliokwisha kuzoea kulia sana, kwa hiyo mama ambaye mtoto wake hanyamazi mgongoni asijilaumu. Akiona hasira inampanda, amlaze mtoto chali mahali salama, atoke nje apumue, au ampe baba. Mtoto asitikiswe kamwe. Ubongo wake huvuja damu.

Usingoje hata saa moja ikiwa mtoto ana homa, amekataa kunyonya, anatapika rangi ya kijani, anapumua haraka, ana degedege, choo chake kina damu, utosi umevimba, au amelegea na sauti ya kilio imebadilika. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, homa peke yake yatosha kumpeleka zahanati usiku huo huo.