Gari kuukuu Ufipa: Kifuniko cha rejeta chaweza kuokoa mtaji

Mfanyabiashara wa nafaka anayetafuta pikapu au lori la zamani kwa msimu wa mavuno katika nyanda za juu za Ufipa kwa kawaida huangalia bei kwanza, kisha bodi na matairi. Hata hivyo, kinachoamua iwapo mtaji wake utarudi ni mambo mawili yasiyoonekana haraka: jinsi injini inavyostahimili joto gari linapopanda mlima, na jinsi breki zinavyostahimili joto linaposhuka.

Mji wa Sumbawanga uko kwenye mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Rukwa, upande wa mashariki, liko kwenye mita 800 hivi, na Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi, kwenye mita 770 hivi. Kwa hiyo mwenye gari wa Izia anayefuata mpunga Muze au samaki wakavu Kasanga hushuka karibu mita 1,000 gari likiwa tupu, na kuzipanda tena likiwa na mzigo. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga iliwekwa lami kwa fedha za mkataba wa Marekani wa mwaka 2008 hadi 2013. Lami hupunguza kuvunjika kwa springi na shokapu, lakini haipunguzi urefu wa mlima.

Kuchemsha

Pwani maji huchemka kwenye nyuzi joto 100. Sumbawanga, ambako hewa ni nyepesi, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Thamostati za injini nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 82 na 88. Maana yake ni kwamba hata injini nzima hufanya kazi nyuzi chache tu chini ya kiwango cha kuchemka.

Kinachoiokoa ni kifuniko cha rejeta. Springi yake huyabana maji yasichemke mapema. Vifuniko vingi vya magari madogo vimeandikwa namba 0.9 au 1.1 kuonyesha nguvu ya springi hiyo. Kifuniko cha 0.9 kikiwa kizima, maji ya Sumbawanga hayachemki mpaka yapite nyuzi 110. Springi ikilegea au raba yake ikikatika, kinga hiyo hupotea yote, na gari lililokuwa likitembea vizuri Dar es Salaam huanza kuchemsha mlimani.

Kifuniko ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kabisa katika gari. Kurekebisha silinda hedi iliyopinda ni miongoni mwa kazi za bei kubwa. Mara nyingi kati ya hivyo viwili kuna mlima mmoja tu.

Ndiyo maana gari linalochemsha likaguliwe kwa kuanza na vitu vya bei nafuu. Kwanza injini iachwe ipoe kabisa. Kifuniko kinachofunguliwa kikiwa cha moto humwagia mtu maji yanayounguza. Kisha raba ya kifuniko ikaguliwe, na baada yake mipira ya rejeta na klipu zake, belti ya feni, na pampu ya maji, ambayo ikichoka hudondosha matone karibu na shafti yake.

Dereva naye aulizwe gari huchemsha wakati gani. Likichemsha linaposimama au kwenye mwendo mdogo, lakini likapoa likikimbia, mshukiwa wa kwanza ni feni. Likichemsha kwenye mwendo mkubwa au mlimani, mshukiwa ni rejeta iliyoziba kwa kutu. Ugonjwa huu huwapata sana wanaotia maji ya mtoni au ya bomba mwaka mzima badala ya kulenti.

Gasketi ya hedi ndiyo ya mwisho kushukiwa, nayo ina dalili zake: maji hupungua bila kuonekana panapovuja, viputo havikomi kwenye rejeta injini ikiunguruma, au oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Gari lenye dalili hizo lisiendelee na safari. Hedi za alumini hupinda haraka, na kilomita chache za kujikokota hadi gereji hugeuza kazi ya gasketi kuwa kazi ya injini nzima.

Kung'oa thamostati

Baadhi ya mafundi hung'oa thamostati kama dawa ya kuchemsha. Katika Ufipa dawa hiyo ina gharama mbili. Asubuhi za baridi injini huchelewa kupata joto, hivyo hula mafuta mengi na kusagika mapema. Aidha, katika baadhi ya injini, thamostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Ikitolewa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari huzidi kuchemsha. Mnunuzi anayekuta thamostati haipo aelewe kwamba kuna tatizo lililofunikwa.

Moshi na nguvu

Kanieneo ya hewa ya Sumbawanga ni pungufu kwa karibu asilimia 20 ikilinganishwa na ile ya pwani. Injini isiyo na taabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, na kosa hilo si la muuzaji wala la fundi. Injini ya kabureta iliyorekebishwa pwani hupata petroli nyingi kupita hewa iliyopo. Ikitoa moshi mweusi na plagi zikawa na masizi, kabureta ipunguzwe mafuta kabla ya kununua kitu chochote.

Moshi wa bluu una maana nyingine: injini inaunguza oili. Ukitoka kwa muda mfupi gari linapowashwa na kisha kukoma, mara nyingi ni sili za valvu. Ukitoka gari likivuta mzigo, ni ringi za pistoni. Fundi mwenye kipimo cha kompresheni anaweza kuthibitisha kwa dakika chache. Silinda yenye kompresheni ndogo hutiwa kijiko cha oili na kupimwa tena. Kipimo kikipanda, ringi zimekwisha. Kisipopanda, kasoro iko kwenye valvu au gasketi. Jibu hilo lina thamani ya fedha, kwani kazi ya valvu hufanyika kwenye hedi peke yake, wakati ringi hudai injini ishushwe.

Asubuhi ya baridi

Juni na Julai, wakati mahindi yanavunwa, ndiyo miezi ya baridi Ufipa. Gari lisilowaka alfajiri si lazima liwe na betri mbovu. Betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Injini ikiunguruma, kipimo kinapaswa kuwa kati ya volti 13.8 na 14.4. Kikiwa chini ya hapo, kasoro iko kwenye alteneta, belti au nyaya, na betri mpya itakufa kama ya kwanza. Kwa injini ya dizeli, zikaguliwe pia plagi za kupashia joto, ambazo pwani zinaweza kuwa zimeungua zamani bila dereva kugundua.

Breki

Mteremko hupasha breki joto, na joto hilo hufika kwenye mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyozeeka. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka nyuzi 205, lakini kiwango cha chini kinachotakiwa yakishanyonya unyevu ni nyuzi 140 tu. Yakichemka hufanya mvuke, na pedali huzama mpaka chini bila gari kusimama. Yabadilishwe kila baada ya miaka 2, hata kama pedi ni mpya.

Tabia ya kuachia gari frii ili kuokoa mafuta haina faida mlimani. Injini haisaidii tena kuzuia gari, na ikizimwa kabisa, sevo ya breki huishiwa nguvu baada ya kukanyaga mara chache. Mteremko ushukwe kwa gia ndogo.

Hesabu ya mnunuzi

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Gari linalomwachia mwenyewe sh. 60,000 kwa siku likikaa gereji siku 9 likisubiri hedi, sh. 540,000 zimepotea kabla ya bili ya fundi. Kama lilinunuliwa kwa mkopo, riba haikusimama siku hizo. Kipuri kisichopatikana Sumbawanga huagizwa Mbeya au Dar es Salaam, na kila siku ya kusubiri huongezwa kwenye hesabu hiyo.

Kwa hiyo anayenunua gari kuukuu anashauriwa aende kulikagua asubuhi na mapema, kabla muuzaji hajaliwasha, na aguse injini kuhakikisha ni ya baridi. Afungue kifuniko cha rejeta atazame rangi ya maji, achomoe kijiti cha oili, asikilize linavyowaka na aangalie moshi. Baada ya hapo lipande mlima likiwa na mzigo, si tupu, huku geji ya joto ikitazamwa. Muuzaji akikataa safari hiyo, bei ipunguzwe kwa gharama ya hedi, au mnunuzi atafute gari jingine.