Ule Ute Mnaoushangilia

Hapana wiki ipitayo pasi na mtu kuniuliza, pengine kabla hajaketi, ipi bora ya kusafishia tumbo, sanamaki au haluli. Na mwezi uliopita mama mmoja mwenye akili zake timamu alinieleza kwa furaha kwamba, baada ya kunywa haluli siku tatu mfululizo, aliona chooni ute mweupe wenye kuvutika, akashukuru kuwa uchafu wa miaka umemtoka.

Kilichomtoka ni sitara yake mwenyewe. Uso wa ndani wa utumbo mpana ni safu moja tu ya seli, ambazo nyingi hubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5. Nyuma yake zimejipanga seli za kinga ya mwili, na mbele yake wamo bakteria ambao, kwa hesabu iliyochapishwa mwaka 2016, hukaribia trilioni 38 katika mwili wa mtu mzima. Ni nini basi kizuiacho vita baina yao usiku na mchana, kama si ute huo, ambao tabaka yake ya ndani imeshikamana hata bakteria aghalabu hawaipenyi, na ambao umechanganyika na kingamwili za IgA, zenye kuwashika bakteria na kuwaweka mbali pasi na kuzusha uvimbe? Na bakteria nao hulipa kodi ya makazi yao: huzichachua nyuzinyuzi tusizoweza kuzimeng'enya, wakatoa butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za uso ule, na ambayo huzisaidia kuongezeka zile seli za kinga zenye kazi ya kuzituliza nyingine.

Haluli haijui kuchagua. Huvuta maji ya mwili yakaingia utumboni, yakasukuma nje kila kilichomo, ute na wakazi wema pamoja. Na sumu mnazozihofu huondolewa na ini na figo, ambazo hazikuomba msaada. Nimelisema hili mara nyingi, nami nitalisema tena maadamu watoto wangali wanaharishwa kila likizo.

Mwenye kutaka kulitunza tumbo na ale kunde, mbaazi, mchicha na ugali wa dona, akiongeza kidogo kidogo; anywe maji; asimeze antibiotiki bila cheti cha daktari. Choo kigumu kisichokoma, damu chooni, au kukonda bila sababu, aende hospitali kabla ya kuonja sanamaki. Yule mama nilimpa maji ya chumvi na sukari, nikamtaka chupa ya haluli iliyosalia, naye akanikabidhi kwa shingo upande.